Kusinga, Kusugua na Kujichubua: Historia Fupi ya Vitenzi Vitatu vya Ngozi



1. Utangulizi

Mhadhara huu umetokana na swali nililoulizwa Sigino, kata iliyomo katika mji wa Babati, mkoani Manyara. Mjukuu wa marehemu dada yangu, mwanafunzi wa sekondari, alikuja kunisalimu akiwa amejitanda khanga hadi puani. Baada ya "Shikamoo, Babu" na "Marahaba", alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Babu, nitafute kitu gani cha kusugulia uso kinachoondoa chunusi bila kuniunguza?" Alipoiteremsha khanga, niliona mashavu yenye vidonda. Kwa miezi kadhaa alikuwa akijisugua asubuhi na jioni kwa dodoki na sabuni ya mche, ile ya kufulia. Na kila chunusi zilipozidi, naye alizidisha nguvu. Alikuwa amekwisha kuacha kwenda kwaya.

Mimi si tabibu. Hata hivyo, katika swali lile kulikuwa na jambo linalomhusu mwanaisimu, nalo ni kitenzi alichokitumia. Binti alikuwa anatafuta upole kwa kutumia kitenzi kisichokuwa na upole ndani yake. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na kitenzi mahususi cha kuisafisha ngozi kwa upole. Kwamba kitenzi hicho hakikusafiri pamoja na lugha ilipokwenda bara. Na kwamba pengo kiliyoliacha lina madhara yanayoonekana usoni mwa watu.

2. Kusinga

Kitenzi hicho ni kusinga. Katika lugha ya pwani, kusinga ni kuupaka mwili vitu vya kunukia na kuupitishia kiganja polepole. Kutokana nacho, kwa kiambishi tamati -o kilekile kinachotupa pigo kutokana na piga na neno kutokana na nena, tumepata nomino singo. Hili ni rojo linalotengenezwa, kwa kawaida, kwa liwa, manjano, waridi lililokaushwa, karafuu, pengine na unga wa mchele, kisha likachanganywa na marashi. Hupakwa mwilini, likaachwa hadi likaribie kukauka, ndipo mkono unapopitishwa nalo likabanduka pamoja na nongo, yaani ule uchafu wa jasho ulioshikamana na ngozi. Nguvu haihitajiki, kwa kuwa kazi kubwa imefanywa na unyevu na muda.

Ukongwe wa msamiati huu unathibitishwa na maandishi. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Unguja, alichapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870. Humo liwa imeelezwa kuwa mti wa kunukia kutoka Bukini, ambayo leo tunaiita Madagaska, unaosagwa kwa kujipamba na pia kwa kutuliza vipele vya joto, yaani harara. Humo pia mna msio, jiwe la kusagia liwa, na dalia, mchanganyiko wa rangi ya manjano uliosifiwa kwa kuilainisha ngozi. Tuzingatie kwamba katika maelezo hayo urembo na tiba ya vipele havikutenganishwa: kitu kilekile kilipamba na kilituliza.

Wala desturi hii si ya Waswahili peke yao. Wanawake wa Komoro hujipaka msindzano usoni, wale wa Madagaska masonjoany, na wale wa kaskazini ya Msumbiji musiro. Kote huko mti husagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo. Mwanafunzi mwepesi atataka kuunganisha mara moja musiro na msio wetu. Nawasihi asifanye haraka. Mfanano wa sauti pekee si ushahidi wa asili moja, maana mmoja ni mti na mwingine ni jiwe. Kinachoonekana bila shaka ni ukanda mmoja wa utamaduni wa bahari, ambamo uso ulitunzwa kwa kitu kilichosagwa kikawa laini.

3. Kiswahili kilivyofika Babati

Sasa tuiache pwani tupande bara. Babati na vitongoji vyake ni mojawapo ya maeneo yenye lugha anuwai kuliko yote Afrika Mashariki. Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi. Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu. Kidatoga ni ya Kinailoti. Kiswahili kiliingia hapa kama lugha ya wote isiyokuwa ya yeyote, kikipitia utawala wa Wajerumani na kisha wa Waingereza, barabara kuu ya Dodoma hadi Arusha ipitayo Kondoa na Babati, maduka, makanisa, misikiti na minada. Baada ya mwaka 1967 kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini kote.

Kiswahili hicho cha shuleni kilikuwa kimekwisha kusanifiwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Mtu angetarajia kwamba Kiunguja kingekuja na singo lake. Lakini wajumbe wa mwanzo wa Kamati walikuwa watumishi wa serikali za kikoloni na wamisionari, na vitabu vyao vilihitaji lugha ya darasa, ya ofisi na ya shamba. Kusinga kulifundishwa mahali pengine. Kungwi ndiye aliyemfundisha mwari, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo neno lilibaki katika kamusi lakini halikuingia katika kitabu cha kiada. Mtoto wa Sigino alifundishwa kuwa usafi ni maji, sabuni na kusugua.

Sidai kwamba bibi zake Wagorowa hawakujua kutunza ngozi. Nasema kwamba Kiswahili, lugha ambayo binti huyu anaitumia shuleni, dukani na kwa daktari, kilimfikia kikiwa kimepungukiwa.

4. Kusugua na sugu

Kusugua ni kitenzi chenye nguvu. Twasugua sufuria kwa jivu, twasugua sakafu, twasugua magaga ya kisigino kwa jiwe. Kando yake lipo jina sugu: ngozi iliyokauka na kuwa ngumu kwa sababu ya kukwaruzwa mara kwa mara, kama ile ya kiganja cha mwenye jembe. Kwa umbo na kwa maana, maneno haya yanaelekea kuwa ndugu. Baadaye sugu likatumika kama kivumishi: mdaiwa sugu, ugonjwa sugu, na katika matangazo ya vipodozi, chunusi sugu. Lugha imehifadhi onyo ambalo sisi wasemaji tumelisahau: anayesugua sana hujitafutia sugu.

Tiba ya leo inaliunga mkono onyo hilo. Chunusi hazisababishwi na uchafu wa juu. Huanza pale vinyweleo vinapozibwa na mafuta ya ngozi pamoja na chembe zilizokufa, bakteria wakaongezeka humo, na ngozi ikavimba. Kusugua kwa nguvu huongeza uvimbe huo na, hasa katika ngozi nyeusi, huacha madoa yanayodumu kuliko chunusi zenyewe. Sabuni ya kufulia ina ukali wa magadi, ilhali ngozi yenye afya ina uasidi kidogo. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa ngozi ni kuosha uso mara mbili kwa siku, kwa ncha za vidole, maji ya uvuguvugu na kisafishaji kisicho kikali. Panapohitajika kuondoa chembe zilizokufa, asidi ya salisili ya kiwango kidogo, baina ya asilimia 0.5 na 2, huzilegeza bila dodoki wala mchanga wa sukari.

Msikilizaji atatambua kwamba huo, kwa kanuni, ndio mwendo wa kusinga: kulegeza kwanza, kisha kuondoa polepole. Hata hivyo sitaki kulitakasa singo kupita kiasi. Karafuu na marashi huweza kuwasha ngozi yenye vidonda, na rojo zito huweza kuviziba vinyweleo. Ninachokitetea ni kitenzi na adabu yake. Viambato vyake ni shauri la daktari.

5. Kujichubua

Kitenzi cha tatu ni chubua. Maana yake ya asili ni kuondoa ngozi ya juu, kama mtoto aangukapo akachubuka goti. Katika Kiswahili cha sasa cha Tanzania, kujichubua ni kujing'arisha ngozi kwa kemikali, na dawa yenyewe huitwa mkorogo, kutokana na koroga. Wasemaji hawakudanganywa na matangazo. Chupa iliahidi weupe na ulaini. Lugha ya mtaani ikakiita kitendo kwa jina la jeraha.

Kutoka kusugua hadi kujichubua ni hatua moja. Anayeachiwa madoa na dodoki hutafuta cha kuyafuta, na mnadani hukuta kopo lisilo na maelezo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Usimamizi wake, uliokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ulihamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Sheria ipo, lakini makopo yanaendelea kupita. Binti yetu naye alikuwa amekwisha kuonyeshwa moja na mwenzake, akakosa fedha tu.

6. Hitimisho

Nilimjibu nini? Nilimwambia aliache dodoki jikoni na sabuni ya mche kwenye nguo, na nikamsihi mama yake ampeleke hospitali. Huduma ya ubingwa haiko mbali mno: Moshi kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza mwaka 1992. Kisha nikamrekebishia sentensi, kama ilivyo ada ya walimu wazee. Nilimwambia: "Usitafute cha kusugulia uso, tafuta cha kusingia." Alicheka, akaniuliza hilo ni neno la wapi. Nikamjibu kuwa ni la Kiswahili, ila lilichelewa njiani.

Miezi mingi baadaye nilimwona tena. Vidonda vilikuwa vimefunga, baadhi ya madoa yalikuwa yamebaki, na khanga ilikuwa mabegani.

Wanafunzi wangu, twazoea kuhesabu hasara ya lugha kwa idadi ya maneno yaliyokufa. Kusinga hakujafa; kumo katika kamusi na katika nyumba za pwani. Wanaoandika vitabu vya afya, vijikaratasi vya zahanati na maelezo ya vipodozi wangeweza kukirudisha kesho. Wakikirudisha, mtoto wa bara atakapoambiwa aoshe uso kwa upole, upole huo utakuwamo tayari ndani ya kitenzi.