Udongo wa Miteremko katika Nchi ya Nyasa

Udongo wa wilaya ya Dowa nchini Malawi, ambao wakimbizi wa kambi ya Dzaleka wameufyatulia matofali na kujengea makazi yao tangu mwaka 1994, una historia iliyoitangulia mbali sana kambi hiyo, na historia yenyewe haisomeki barabara ila kwa kuutazama mteremko mzima, tangu kichwa cha kilima hata kina cha bonde, kwa kuwa mvua haitambui mpaka wa shamba wala wa kijiji.

Wachewa, wenyeji wa uwanda wa Lilongwe na vilima vyake, waliufahamu utaratibu huo wa mteremko kabla ya ofisi yoyote ya kilimo kufunguliwa. Palipoinuka, ambapo maji hayatuami, waliuona udongo mwekundu wenye chuma wanaouita katondo. Na huko chini, katika mabonde ya majimaji yaitwayo dambo, aghalabu waliukuta udongo mweusi wa makande, unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, nao wakalima kandokando yake dimba, yaani bustani za mboga zinazowalisha wakati ambapo mashamba ya juu yamekauka. Vivyo hivyo Wasukuma wa Tanganyika walikuwa na majina yao, luseni kwa udongo wa kichanga wa juu, itogolo kwa ule mgumu wa katikati, na mbuga kwa ule mweusi wa chini. Wala majina hayo hayakuwa mapambo ya usemi, bali ni elimu ya kujua zao gani lipandwe wapi.

Elimu hiyo ilipata kuandikwa kwa lugha ya wataalamu mwaka 1935, wakati Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichoasisiwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara, alipotoa rai kwamba udongo wa Afrika Mashariki usichorwe katika ramani kipande kipande, bali kama mnyororo unaoshuka mlima, kila pete ikiishika mwenzake, kwa sababu maji huchukua chembe laini na chumvi za juu na kuziweka chini, na bonde huwa limeumbwa kwa kile kilichopotea kileleni. Rai hii imeenea ulimwenguni, na wanafunzi wa udongo wanaitumia hata katika nchi zisizofanana na zetu kwa lolote. Katika misitu ya Siberia na Alaska, ambako ardhi imeganda mwaka hadi mwaka na tabaka la juu tu huyeyuka wakati wa joto, mteremko unaoelekea kaskazini, usiopata jua la kutosha, hudumu katika mgando wake chini ya mimea mifupi minene inayofyonza maji na kuzuia joto lisipenye, hali mteremko wa pili, unaolitazama jua, mara nyingi hauna mgando kabisa. Moto ukiunguza kifuniko hicho, joto huingia, mgando hurudi chini zaidi, na pengine ubavu wa kilima huporomoka. Kule kinachofunga ardhi ni barafu na huku ni mizizi, lakini kote kuwili usalama wa mteremko umo katika kile kilichoufunika.

Serikali ya Kiingereza ya Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, iliijua hatari ya kuachwa mteremko uchi, na katika hilo haikukosea. Mwaka 1946 ilitunga sheria ya maliasili, na Desemba ya mwaka ule ule mvua kubwa ya tufani ikaangukia mlima wa Zomba, penye mji mkuu wa wakati huo, ikaporomosha ardhi na kuua watu. Walakini namna sheria ile ilivyotekelezwa ilikuwa dhuluma. Mkulima aliamriwa kujenga matuta ya kukinga maji kwa kufuata kipimo cha mteremko, akakatazwa kulima kandokando ya mito na penye miinuko mikali, na aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa, bila ya kuulizwa yeye na wazee wake walikuwa wakifanya nini. Watu waliziita amri hizo malimidwe, na chuki yake ikawa miongoni mwa kuni zilizowasha siasa ya kudai uhuru katika miaka ya 1950. Nchi nyingine hazikupishana na hiyo: Waluguru wa Morogoro, Tanganyika, waliasi mwaka 1955 kwa sababu ya matuta ya ngazi, na huko Ruanda-Urundi Wabelgiji waliwalazimisha raia kuchimba mifereji ya kukinga mmomonyoko, ambayo mingi iliachwa ikafukiwa baada ya uhuru, kwa kuwa ilinuka kazi ya shokoa.

Naona uchungu zaidi nikikumbuka kwamba ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika milima ya Mbinga, Wamatengo walikuwa na kilimo cha ngoro ambacho hakuna afisa aliyewafundisha. Mwisho wa masika wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanawake wakazifukia kwa udongo wa katikati, na shamba zima likawa mashimo yaliyopangwa safu kwa safu, kila shimo likizuia maji yake na nyasi zikioza ndani ya kingo kuwa mbolea. Maharagwe hutangulia, mahindi hufuata. Miteremko mikali kupindukia ililimwa hivyo vizazi kwa vizazi bila ya kuharibika. Lau kama watunga sheria wa Zomba wangalivuka ziwa wakaketi na wakulima wale, wangalijifunza kwamba ubavu wa mlima huweza kulimwa na kuhifadhiwa kwa mikono ile ile.

Baada ya uhuru wa mwaka 1964 matuta hayakutoweka Malawi. Mahindi ya nchi hii hata leo hupandwa juu yake, na mradi mkubwa wa maendeleo ya ardhi ya Lilongwe, ulioanza mwaka 1968, uliendeleza kazi ya kukinga maji. Miti ndiyo iliyopungua. Msitu wa Dzalanyama, uliohifadhiwa tangu mwaka 1922 kusini-magharibi ya Lilongwe, na ambamo unaanzia mto unaounywesha mji, umekatwa kwa ajili ya makaa hata askari wa jeshi wakapelekwa kuulinda. Huko kusini kilima cha Michesi kiliporomoka mwezi wa Machi 1991 na kuwazika mamia ya watu wa Phalombe, na Machi 2023 kimbunga Freddy kikawafuata watu wa Blantyre katika mabanda yao ya mlimani.

Dzaleka, iliyokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda kabla ya kuwa kambi, ilikusudiwa watu wasiozidi kumi na mbili elfu hivi, na sasa ina zaidi ya 50,000, ambao hupikia kuni na makaa na huchoma matofali, na vilima vya karibu vimebaki vipara. Wengi wao wametoka katika nchi za milima, Burundi, Rwanda na Kivu, na wazee waliomo waliikuta mifereji ya Wabelgiji wakiwa watoto; maarifa ya mteremko wanayo. Lakini sheria ya Malawi haimruhusu mkimbizi kumiliki ardhi, na mwaka 2023 waliokuwa wamehamia mijini waliamriwa kurejea kambini, na hivyo mtu anayejua kupanda mti wa kuushika mlima hana mlima ambao atapewa muda wa kungoja mti wake ukue.