Kauri wa Tanga na Fedha za Lagos

Huku kwetu Tongoni, pwani ya Tanga, siku za bamvua maji yakipwa, mwamba hubaki wazi mpaka mbali, na wanawake hushuka na vikapu kutafuta pweza na kome. Chini ya mawe na kwenye majani ya bahari ndiko aliko kauri mwenye pete: konokono mdogo, mgongo mweupe uliozungushwa mstari wa rangi ya chungwa. Akiwa hai, ngozi yake laini hutoka na kulifunika gamba lote, ndiyo maana hung'aa hivyo.

Kauri huyu alisafiri kuliko nahodha yeyote wa Tanga. Katika miaka ya 1840, Adolf Jakob Hertz, mfanyabiashara wa Hamburg, alijua kwamba kule Lagos na Dahomey, Afrika Magharibi, watu walinunua na kuuza kwa kauri za Maldives. Za pwani yetu zilikuwa kubwa kidogo na rahisi mno, akaleta meli Unguja kuzichukua. Mwaka 1849 O'Swald, naye wa Hamburg, akafungua nyumba ya biashara Unguja, na Wafaransa wa Marseille wakaingia. Kauri zikakusanywa pwani nzima hadi Msumbiji, zikapimwa kwa kipimo cha jizla, zikazungushwa kusini mwa Afrika kwenda kununua huko magharibi mafuta ya mawese, ambayo Ulaya iliyageuza sabuni na mishumaa.

Kabla ya meli kulikuwa na uvundo. Kauri hufukiwa mchangani hadi nyama ioze, kisha huoshwa na kuanikwa. Vitabu vinahesabu tani na kutaja wenye meli. Walioinama mwambani havina habari nao. Mimi nasema walikuwa wanawake na watoto, kwa sababu maji yakipwa, kazi ya mwamba ni yao hadi leo.

Meli zilimwaga kauri nyingi mno, thamani ikaporomoka, na aliyejiwekea akiba ya magunia kule Lagos akabaki na magamba. Upande wetu wa Afrika, huko bara, Uganda iliacha kuzipokea kwa kodi mwaka 1901.

Hertz ameandikwa vya kutosha. Nyinyi mnaosoma historia pale Tanga mjini, nendeni Kwale, nendeni Moa, mkae na mabibi. Waulizeni walisikia nini kwa mama zao: nani aliokota, nani alipima, na nani alilipwa. Andikeni majina.