Kompyuta ya gemu huanzia kwenye matundu ya skrubu

Chukulia uko Nshamba. Kahawa imeuzwa, fungu lako umepewa, na umeshaamua: kompyuta ya gemu. Si ya kuringia mwaka mmoja halafu igeuke meza ya kuwekea redio. Unataka ambayo mwaka wa sita bado inacheza, hata kama utakuwa unabadilisha kidude kimoja kimoja kila ukipata hela. Utaulizia Muleba mjini, utafika Bukoba, labda Mwanza, labda utavuka Mutukula mpaka Kampala. Kote huko muuzaji ataanza na prosesa: “Hii ni i7, bosi.” Mimi nataka uanze na matundu ya skrubu. Nitakueleza kwa nini, ila itabidi turudi nyuma kidogo.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za enzi zile zilikuwa na ukubwa wa kabati kadhaa, na karibu kila kilichokuwemo ndani kilitoka kwa kampuni moja. Ikiharibika unamwita aliyekuuzia, basi. Huna fundi wa mtaani, huna spea ya kutoa kwenye mashine nyingine. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, kwa hiyo mabadiliko makubwa yaliyofuata sisi tuliyasikia kwa mbali.

Mabadiliko yenyewe yalianza tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilipotangaza kompyuta yake binafsi. Ilikuwa na haraka ya kuingia sokoni, hivyo badala ya kutengeneza kila kitu ikanunua kwa wengine: prosesa kwa Intel, mfumo endeshi kwa Microsoft. Tena ikachapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi, ili wengine watengeneze kadi za kuchomeka humo. Kilichobaki kuwa mali yake hasa ni BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine. Compaq wakaandika ya kwao kuanzia mwanzo, bila kunakili, na Novemba 1982 wakatangaza kompyuta iliyofanya yote ya IBM. Kuanzia hapo kadi moja iliingia kwenye mashine za kampuni mbili, kisha kumi, kisha mia.

IBM ilijaribu kuufunga mlango. Mwaka 1987 ilileta PS/2, yenye nafasi za kadi za aina mpya zilizoitwa Micro Channel, na aliyetaka kuzitumia alipaswa kulipia leseni. Washindani wakagoma, mwaka uliofuata wakaleta ya kwao, EISA. Micro Channel ikafa taratibu. Mvutano huo kati ya anayefungua na anayefunga haujaisha hadi leo, na wewe unakwenda kukutana nao dukani.

Mwaka 1995 Intel ilitoa vipimo vilivyoitwa ATX. Ni karatasi za kuchosha kusoma, lakini kwangu mimi ndizo zilizomwokoa mtu mwenye hela kidogo kuliko prosesa yoyote. Zilisema matundu ya skrubu ya bodi kuu yakae wapi, pawasaplai iwe na umbo gani, plagi yake iweje. Plagi imeongezwa pini tangu wakati huo, ila matundu yako palepale. Kasha la ATX la miaka hiyo bado linapokea bodi ya ATX ya leo, ingawa upepo wake utakuwa mdogo kwa joto la kadi za siku hizi.

Sasa linganisha na vingine. RAM za DDR3 zilianza kuuzwa 2007, DDR4 mwaka 2014, DDR5 miaka michache iliyopita, na kila moja pengo lake limekatwa mahali pake makusudi ili isiingie kwa mwenzake. Prosesa ndiyo balaa zaidi. Mwaka 2017 Intel ilitoa prosesa zenye migusano 1,151, idadi ileile ya soketi ya 2015, lakini kwenye bodi za zamani hazikuwaka. AMD nao walileta soketi ya AM4 mwaka 2016, na hadi 2024 walikuwa bado wanaitolea prosesa mpya. Aliyenunua bodi nzuri ya AM4 mapema, mara nyingi alihitaji kusasisha BIOS tu, akaruka vizazi kadhaa bila kugusa kingine.

Kwetu Kagera jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mgomba unazaa, unakatwa, chipukizi linashika nafasi. Kibanja ni kilekile alichokiacha babu. Kasha, pawasaplai na bodi ndiyo kibanja chako. Prosesa na kadi ya grafiki ni migomba. Kwa hiyo kama hela haitoshi, punja prosesa. Chukua ndogo kwenye bodi ambayo baadaye itapokea kubwa. Kosea upande huo.

Hapo tunafika kwenye mitumba, maana ndiyo wengi wetu tunayoimudu. Zile kompyuta za ofisini zilizotumika Ulaya au Marekani ni imara, mimi sizidharau. Shida ni kwamba nyingi zinafuata vipimo vya mtengenezaji wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell walitumia plagi ya umeme iliyofanana kabisa na ya ATX huku waya ndani yake zimepangwa tofauti. Uliyebadilisha pawasaplai kwa nia njema uliweza kuunguza bodi. Siku hizi plagi zenyewe mara nyingi zina umbo tofauti, angalau unaonywa. Lakini matokeo hayabadiliki: pawasaplai ikifa unatafuta ya modeli ileile, na kasha haliwezi kupokea bodi nyingine. Inafanana kidogo na butura: nafuu unaipata leo, mavuno anachukua mwingine.

Ukiichukua, basi ichukue ukijua imeshafika mwisho wa kukua. Iongezee RAM, iwekee SSD, na kadi ya grafiki isiyozidi wati 75, kwa sababu hizo ndizo nafasi ya kadi inazoweza kutoa bila waya wa ziada. Zipo GTX 1650 za namna hiyo. Kama kasha ni jembamba, tafuta kadi fupi ya nusu kimo. Uliza pia kizazi cha prosesa: Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel rasmi inaanzia karibu yote kizazi cha 8. “i7” ya kizazi cha 4 ni i7 kweli, lakini ni ya 2013.

Nimeacha pawasaplai mwisho kwa sababu nataka uikumbuke. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa kwenye bodi na pawasaplai duniani kote. Zilivimba vichwa, zikavuja. Nyaraka za mahakama zilizofunguliwa 2010 zilionyesha kwamba Dell peke yake iliuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zenye hatari hiyo kati ya Mei 2003 na Julai 2005. Ndiyo maana, hata leo, mwambie muuzaji afungue kasha kabla hujatoa hela. Mulika kwa tochi ya simu. Kapasita yenye kichwa bapa ni sawa. Iliyotuna au yenye uchafu wa kahawia juu yake, rudisha kifuniko na uondoke.

Kagera kwa miaka mingi umeme wake ulitoka Uganda badala ya gridi ya Taifa, na kukatika na kurudi kwa kishindo hakuna aliye mgeni nako. Nunua pawasaplai mpya ya kampuni inayojulikana, wati 500 hivi, na kilinda umeme mbele yake. Ukilazimika kutumia ya zamani, igeuze uangalie nyuma. Nyingine zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Zilizotoka Marekani huja zimewekwa 115; kisukume kwenda 230 kabla hujachomeka ukutani, maana kwa umeme wetu utasikia mlio mmoja tu.