Tarihi si historia, wala si hekaya

Kenol, barabara inagawanyika. Moja yanyoosha kwenda Sagana na Nyeri. Nyingine yaelekea mji wa Murang'a, na baada yake Mukurwe wa Nyagathanga, wanakosema Wakikuyu kwamba Gikuyu na Mumbi, wazazi wao wa kwanza, ndiko walikoanzia. Jina la Kenol halisumbui mtu, lilitoka kwa kituo cha mafuta. Ya Mukurwe ndiyo yanayotaka istilahi.

Kuipata istilahi hiyo, tuanzie mbali. Ulaya ya zama za kati ilikuwa na vitabu vya Kilatini vilivyopanga wafalme wa kale kwa zamu, hekaya na habari za kweli zikipokezana. Geoffrey wa Monmouth aliandika kimoja karibu mwaka 1136: anaanza na Brutus, wa ukoo wa Troya, anampitia Mfalme Arthur, anaishia karne ya 7. Kitabu hicho tukiiteje? Mimi nasema tarihi: masimulizi yanayofuata miaka au zamu za watawala.

Pwani tunayo yetu. Tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu, yasimulia kuwa mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizungusha chote, kisha akachimba mfereji ili mwenyeji asirudi kwa miguu wakati wa maji kupwa. Nguo za kuzungusha kisiwa kizima! Ni hekaya tupu. Lakini tarihi hiyohiyo yamtaja Ali bin al-Hasan, na mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zenye jina hilo, pamoja na dinari za karne ya 11. Basi mwandishi hakubuni kila kitu.

Je, kisa cha Gikuyu na Mumbi ni tarihi? Hapana, hicho ni kisasili. Hakina zamu wala mwaka. Hata mfalme dhalimu aliyepinduliwa, anayetajwa na Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha 1938, amesimama peke yake bila wa kabla wala wa baada. Kilicho karibu zaidi na tarihi ni mariika, majina ya marika ya tohara. Rika la Mutung'u lina jina la ndui ya miaka ya 1890, na mwanahistoria Godfrey Muriuki aliyatumia mariika hayo kukadiria miaka katika kitabu chake cha 1974 kuhusu Wakikuyu.

Kipimo, basi, ni mpangilio wa wakati, si ukweli wa kila sentensi. Walimu na wahariri, tafadhali, neno historia liachieni kitabu kinachopima ushahidi wake. Kitabu cha Geoffrey na cha Kilwa viandikwe tarihi.