Jibuti na Bara Lililo Nyuma Yake

Ibn Battuta alipovuka bahari kutoka Aden mnamo mwaka 1331, mji wa kwanza alioukuta upande wa Afrika ulikuwa Zeila, kabla hajaendelea na safari yake hata Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Na mji huo ulimkirihi kwa uvundo wa samaki na damu ya ngamia waliochinjwa njiani, hata akaona heri alale chomboni, ijapokuwa bahari ilikuwa imechafuka, kuliko kulala mjini. Lakini Zeila, pamoja na uvundo wake, ndiyo iliyokuwa mlango wa Harar na wa nyanda za juu za Uhabeshi, na kwa karne nyingi pembe, ngozi na kahawa ziliteremshwa hapo, na pamoja nazo wanadamu waliofanywa bidhaa, nazo nguo na silaha zikapandishwa kutoka hapo. Leo Zeila ni mji mdogo wenye magofu, ilhali si mbali nao, ukivuka mpaka kuelekea kaskazini, imesimama Jibuti, yenye gati za makontena na reli ya umeme ifikayo Addis Ababa. Pwani ni ile ile, na mlango wa Bab al-Mandab, ambao Waarabu waliuita kwa jina la maombolezo, haukusogea hata shubiri moja tangu zama za Ibn Battuta. Basi mtu asemaye kwamba Jibuti imeneemeka kwa sababu ya mahali ilipo, hajaeleza kitu, maana Zeila nayo ilikuwa hapo hapo.

Nasema haya kwa kuwa kauli hiyo imekwisha kuwa mazoea katika maandishi yetu na ya wageni. Jibuti husimuliwa kana kwamba ni jiwe lililookotwa kando ya njia ya meli, na watu wake kana kwamba ni walinda mlango wanaopokea ujira. Mimi naona kinyume cha hayo. Nchi hii ni zao la bara lililo nyuma yake kuliko la bahari iliyo mbele yake, na cheo chake katika eneo la Pembe ya Afrika kimepanda na kushuka kwa kadiri ya uhusiano wake na bara hilo, na kwa kadiri ya hekima, au ya upungufu wa hekima, ya wale walioushika uhusiano huo.

Ardhi yenyewe haimpi mtu riziki kwa wepesi. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 23,200, yaani ni ndogo kuliko Rwanda, na wakaao humo ni watu wapatao milioni moja, wengi wao wakiwa mjini Jibuti penyewe, kwa sababu nje ya mji kuna mawe meusi ya volkano, vichaka vya miiba, na joto kali, hata majira ya kaskazi, ambayo kwetu ndiyo ya joto, kwao ndiyo msimu wa nafuu. Hakuna mto utiririkao mwaka mzima. Ziwa Assal, lililo mita 155 chini ya usawa wa bahari, hapana mahali pa chini kuliko hapo katika Afrika nzima, limezungukwa na ukoko mweupe wa chumvi ambayo Waafar waliikata na kuipakia ngamia kwenda kuibadilisha kwa nafaka huko Uhabeshi. Nao mto Awash, uzaliwao katika milima ya Ethiopia, hushuka jangwani na kufia katika maziwa ya chumvi, la mwisho wake likiwa Ziwa Abbe mpakani mwa Jibuti, bila kuionja bahari. Bara lile, kwa maumbile yake, halikujaliwa njia ya maji ya kufikia pwani. Kila kilichopita kimepita kwa miguu ya ngamia, kisha kwa reli, kisha kwa magurudumu ya malori.

Wafaransa hawakulijua hilo mapema. Mwaka 1862 walipata Obock kwa mkataba na masultani wa Kiafar, upande wa kaskazini wa Ghuba ya Tadjoura, wakapaacha karibu ukiwa mtupu kwa zaidi ya miaka 20, hata baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869. Ni mpaka walipopigana na Wachina, na Waingereza wa Aden wakazinyima meli zao za vita makaa ya mawe, ndipo walipomtuma Léonce Lagarde mwaka 1884 kwenda kuifanya Obock kituo cha haki. Lakini Obock ilikuwa na bahari bila kuwa na njia ya kwenda bara. Kwa hiyo, katika miaka ya mwanzo ya 1890, serikali ilihamishwa kuvuka ghuba hadi upande wa kusini, penye nafasi njema ya kutia nanga na, lililo kubwa zaidi, penye njia nyepesi ya misafara ya Harar. Msomaji wa Tanzania atakumbuka kwamba Wajerumani nao walihama Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Lakini wao waliacha mji wenye njia kongwe ya misafara wakaufuata mji wenye bandari yenye kina, ilhali Wafaransa walikuwa wakiitafuta njia ya misafara.

Hata hivyo, aliyeipa Jibuti uhai hakuwa gavana wala nahodha. Alikuwa Mfalme Menelik wa Pili, ambaye mwaka 1894 alitoa idhini ya kujengwa reli, akiikabidhi kwa mshauri wake Alfred Ilg, mhandisi wa Kiswisi. Reli ilifika Dire Dawa mwaka 1902, ikakwama kwa upungufu wa fedha na kwa hasadi za mataifa ya Ulaya, kisha ikafika Addis Ababa mwaka 1917. Tangu hapo Zeila ilianza kunyauka, si kwa kuwa bahari yake ilikauka, bali kwa kuwa kahawa ya Harar ilikwisha kupata kipando kingine. Uamuzi uliofanywa katika baraza la Shewa uliua mji mmoja wa pwani na kuukuza mwingine, na wala hakuna askari aliyepiga risasi hata moja katika jambo hilo. Nadhani katika historia ya miji ya mwambao wa Afrika Mashariki ni mifano michache iliyo wazi kama huu.

Na lililopewa laweza kuondolewa. Eritrea ilipounganishwa na Ethiopia mwaka 1952, Addis Ababa ilipata bandari ya Assab kuwa yake mwenyewe, na Jibuti ikajikuta ni mlango wa pili. Mwaka 1977, mwaka ule ule nchi ilipopata uhuru wake tarehe 27 Juni, vita vya Ogaden kati ya Ethiopia na Somalia vilizuka na reli ikakatwa. Taifa changa likazaliwa huku mshipa wake mkuu umefungwa, mizigo ya Ethiopia ikapitia Assab. Eritrea ilipojitenga rasmi mwaka 1993, bado mizigo iliendelea kwenda huko. Ni vita vya Eritrea na Ethiopia, vilivyoanza mwaka 1998, vilivyoufunga mlango wa Assab na kuirudishia Jibuti karibu biashara yote ya jirani yake. Kama mahali peke yake pangetosha, kupanda na kushuka huku kusingetokea.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa maana mizigo ya mwaka 1998 haikumkuta mwenye bandari asiye na sifa. Ilimkuta jirani aliyekuwa amejizuia miaka 20 asishike upande. Bendera ya Somalia ina nyota yenye pembe tano, na moja ya pembe hizo ilikuwa ni Jibuti. Walio wengi katika nchi hii ni Wasomali, hasa wa ukoo wa Issa, na mtu angeweza kutazamia kwamba, mara baada ya Mfaransa kuondoka, wangejiunga na ndugu zao. Walikuwapo waliotamani hivyo. Mahmoud Harbi alipigania kura ya kujitenga na Ufaransa mwaka 1958, akashindwa, akafa katika ajali ya ndege mwaka 1960. Kura ya pili, ya mwaka 1967, iliyofanywa katika fitina na umwagaji damu, ilifuatwa na kubadilishwa jina la nchi, isiitwe tena Pwani ya Kifaransa ya Wasomali, bali Eneo la Kifaransa la Waafar na Waissa, kana kwamba jina laweza kuyagawa mapenzi ya watu. Lakini Hassan Gouled Aptidon alipokuwa rais wa kwanza, hakuitia nchi katika vita vya Ogaden, wala hakuifanya mkoa wa Mogadishu. Wapo waliomwona msaliti wa damu yake. Mimi naona alifahamu kwamba nchi isiyo na maji wala shamba haina mtaji isipokuwa kuaminiwa na majirani wote wawili wanaochukiana.

Mtaji huo ulizaa. Januari 1986, viongozi wa eneo walipokutana Jibuti kuunda mamlaka ya kupambana na ukame, ambayo baadaye ikawa IGAD, Mengistu Haile Mariam wa Ethiopia na Siad Barre wa Somalia walionana uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu vita, na miaka miwili baadaye wakatia sahihi mkataba wa amani. Kenya na Uganda ni wanachama wa jumuiya hiyo, na makao yake makuu yako Jibuti mpaka leo. Somalia ilipovunjika, ni Arta, mji wa milimani nje kidogo ya mji mkuu, uliopokea mkutano wa mwaka 2000, na ni Jibuti tena ambako Sharif Sheikh Ahmed alichaguliwa kuwa rais wa Wasomali Januari 2009.

Haki yataka tuseme pia kwamba uadilifu uliotumika nje haukutumika sawasawa ndani. Waafar waliona madaraka yamekusanyika kwa wenzao, na uasi wa kundi lao la FRUD uliozuka mwaka 1991 haukutulia ila kwa mapatano ya mwaka 1994 na ya 2001. Nchi iliyowapatanisha wageni ilichukua muongo mzima kupatana na wenyeji wa Obock na Tadjoura, ambao ardhi yao ndiyo iliyoanzisha kisa chote hiki. Tangu uhuru kumekuwa na marais wawili tu, Gouled na Ismaïl Omar Guelleh aliyemrithi mwaka 1999, na sioni kuwa jambo hilo ni la kupitwa kimya.

Kuhusu kambi za kijeshi sitasema mengi, kwa sababu zimeandikwa kupita kiasi. Wafaransa walibaki, Wamarekani walishika Camp Lemonnier baada ya mwaka 2001, Wajapani walifungua kambi yao mwaka 2011, na Wachina mwaka 2017. Kodi ya ardhi hiyo ni pesa, na pesa zina faida yake. Lakini askari hanunui ngano ya Ethiopia wala hauzi kahawa yake, na siku mataifa makubwa yatakapohamisha macho yao, kambi zitabaki majengo.

Hatari iliyo kubwa iko kwingine. Bandari inayoishi kwa mteja mmoja, na mteja anayeishi kwa bandari moja, wameshikana koo wote wawili. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za biashara ya nje ya Ethiopia, nchi yenye watu zaidi ya milioni 100, imekuwa ikipita Jibuti. Addis Ababa huona uzito wa gharama ya kutegemea bandari moja, ndipo, ikitafuta mlango mwingine wa bahari, ikatia sahihi hati ya maelewano na Somaliland tarehe 1 Januari 2024, ikachafua eneo zima. Jibuti nayo iliingia mgogoro mrefu wa kisheria ilipowanyang'anya wageni usimamizi wa kituo cha makontena cha Doraleh mwaka 2018. Halafu, Agosti 2024, ilifanya jambo ambalo naliona la busara: ilijitolea kuipa Ethiopia nafasi katika usimamizi wa bandari ya Tadjoura. Kushirikiana mlango na aliye bara ni kuupa mlango wenyewe mtetezi.

Wenzetu wa Lamu, ambako gati la kwanza la bandari mpya lilizinduliwa mwaka 2021 kwa matumaini ya kupokea shehena za Ethiopia na Sudan Kusini, wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Uzani wa Jibuti ulionekana Februari 2025, pale Mahmoud Ali Youssouf, aliyekuwa waziri wake wa mambo ya nje kwa miaka mingi, alipomshinda Raila Odinga wa Kenya katika uchaguzi wa mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Walioshangaa walikuwa wakilipima taifa kwa kilomita zake za mraba.

Tangu mwaka 2011 umeme wa Ethiopia huwaka majumbani mwa Jibuti, na tangu mwaka 2017 bomba huleta maji kutoka visima vya Hadagalla, ng'ambo ya mpaka, yakapita Ali Sabieh hadi mjini. Mama afunguaye bomba lake jioni katika mitaa ya mabati hunywa maji ya bara, yaliyoteremka kuelekea pwani huku ngano na mbolea zikipanda kwa treni ya umeme upande mwingine wa jangwa lile lile, ambamo mto Awash umeshindwa kupita.