Kutoka "Embepo" hadi "Homa": Maneno ya Uuguzi na Dalili za Maradhi Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Mijadala ya istilahi za tiba aghalabu huanza kwa neno la kigeni lililoandikwa kitabuni, kisha hutafutwa neno la Kiswahili la kulikabili. Katika makala hii tunakusudia kufuata njia ya kinyume. Tutaanzia mahali mgonjwa anaposema kinachomsumbua, na tutatazama namna maneno yake yalivyopokewa na wale waliopewa kazi ya kumwuguza. Tumechagua Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa kwa sababu huko lugha tatu hukutana katika zahanati moja: Kinyakyusa cha mgonjwa, Kiswahili cha mazungumzo, na Kiingereza ambacho wauguzi wetu wamefundishiwa.

Nchi ya Kyela ni tambarare, ina mvua nyingi, na hupitiwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inayomimina maji yake ziwani. Ni nchi ya mpunga na kakao, na ni nchi ya mbu. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na wale wa Moravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, waliingia Unyakyusa mwaka 1891. Mmoja wa Wamoravian wanne wa kwanza, Georg Martin, alifariki kwa homa mwaka huo huo. Wageni hao walipendelea Kinyakyusa katika ibada na shule zao, ilhali serikali ya Wajerumani ilitumia Kiswahili katika utawala. Basi tangu mwanzo maneno ya mwili na maradhi yalikuwa ya Kinyakyusa, na maneno ya ofisi yalikuwa ya Kiswahili.

Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti wao kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika habari ya "embepo sya bandu", yaani pumzi ya watu. Mtu aliyewakosea jamaa au majirani zake alinung'unikiwa, na manung'uniko yale yakamjia kama pumzi ya baridi, akaugua. Neno lenyewe si geni kwetu, kwani ni ndugu wa upepo na pepo. Sisi tunalitazama hapa kwa sababu moja. Mgonjwa wa namna hiyo huanza maelezo yake kwa baridi, na wala si kwa joto. Muuguzi naye, kwa desturi ya kazi yake, hutafuta joto kwa kipimajoto. Wote wawili wanasema kweli, maana malaria huanza kwa mzizimo na kutetemeka, likafuata joto kali, kisha jasho. Lakini neno "homa", tulilolipata kutoka Kiarabu, lilichukua sehemu ya katikati tu ya mwendo huo, likafanywa jina la mwendo wote.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka kulieleza. Majina mengi ya maradhi katika Kiswahili ni majina ya dalili. Kipindupindu kinatokana na kupindua. Safura asili yake ni neno la Kiarabu la rangi ya njano. Kifua kikuu kimetajwa kwa mahali kinapouma. Pepopunda imebeba pepo ndani yake. Majina ya namna hii ni mazuri sana kwa muuguzi, kwa kuwa humwambia mara moja jambo la kutazama. Madhara huja pale dalili moja inapokuwa ya maradhi mengi, au maradhi mamoja yanapopewa majina mengi.

Mfano mkubwa ni homa. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 na Peter Winch na wenzake ulionyesha kwamba watu waliihesabu "homa ya malaria" kuwa maradhi ya kawaida, yasiyotisha. Degedege la mtoto mchanga halikuhesabiwa kuwa malaria. Lilikuwa na jina lake, chanzo chake na mganga wake, na wengi waliogopa kwamba sindano ingemwua mtoto mwenye degedege. Mabango yaliyosema malaria huua hayakumfikia mama huyo, kwa sababu mtoto wake, kwa maneno anayoyajua yeye, hakuwa na malaria. Kosa la upande wa pili lilikuwa letu sisi wenye shule: kila homa tukaiita malaria, na dawa ikatolewa bila kupima. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Maelekezo hayo yaliandikwa kwa siku moja, lakini neno lenye mazoea ya miaka mingi haliondoki kwa waraka.

Tugeuke kidogo kumtazama muuguzi mwenyewe. Katika zama za Waingereza, tangu miaka ya 1920, mtu wa tiba aliyejulikana vijijini alikuwa "dresa", mfunga vidonda. Baadaye wakaja "nesi" na "sista". Neno "muuguzi", ambalo wengine huandika "mwuguzi", lilikuwapo zamani, lakini halikuwa jina la kazi ya mshahara. Kuuguza ni kazi ya jamaa: binti humwuguza mama yake, na ndugu hulala hospitali wakimpikia mgonjwa wao. Tulipolitwaa neno hili kuwa istilahi, tulilitwaa kutoka nyumbani, na ndiyo maana wodini watu bado husema "nesi" wanapomtaka mwenye sare. Hata hivyo tunaona uchaguzi ulikuwa mwema, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imeuthibitisha. Linalotusikitisha ni magazeti kuandika kwamba majeruhi "anauguza majeraha", kana kwamba mtu aliyevunjika mguu ameajiriwa kujitibu.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikuwa darasa kubwa la istilahi. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusomewa vitabu kwa Kiswahili chepesi kuhusu malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Safura, iliyokuwa rangi ya mgonjwa, ikafungwa kwa mnyoo unaoisababisha. Hiyo ndiyo kazi ambayo istilahi nzuri hufanya, kuiacha dalili mahali pake na kuipa jina sababu.

Kyela ina mfano wa kazi ambayo haijatimia. Minyoo ya filaria, inayoenezwa na mbu, huvimbisha miguu ikaitwa matende, na huvimbisha korodani ikaitwa busha. Mpango wa taifa wa kuitokomeza, ulioanza mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia, ulijulikana kwa wananchi kwa majina hayo mawili. Lakini watu wengi wenye minyoo hiyo damuni hawana matende wala busha. Mwaka 2016 Inge Kroidl na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Kyela yaliyoonyesha kwamba watu wenye minyoo hiyo walipata maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa kiasi cha takriban mara mbili ya wasio nayo. Mtu huyo muuguzi amwambie ana nini? Akisema "una matende", mgonjwa atatazama miguu yake, ataiona mizima, ataondoka. Ugonjwa uliopewa jina la uvimbe hauna jina pale ambapo uvimbe haujatokea. Usubi nao, katika bonde la Tukuyu na Kyela, ni jina la inzi mdogo wa maji yaendayo kasi na papo hapo ni jina la ugonjwa anaoueneza. Walau hapo jina limeshika chanzo.

Limebaki swali la neno "dalili" lenyewe. Vitabu vya kigeni hutenga jambo analolihisi na kulieleza mgonjwa na jambo analoliona au kulipima muuguzi. Sisi kwa yote mawili tumezoea kusema dalili. Wako wanaopendekeza "dalili" kwa la kwanza na "ishara" kwa la pili, na pendekezo hilo linafaa kwa vitabu vya mafunzo, ambamo mwanafunzi hana budi kujua ni nani aliyesema na ni nani aliyeona. Hatuoni kwamba linafaa kwa bango la ukutani. Huko "dalili za hatari" zimekwisha kueleweka: mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyepoteza fahamu. Mama wa Ipinda au Matema hatasimama kutenganisha dalili na ishara, na haifai kumwomba afanye hivyo. Muuguzi ndiye wa kufundishwa kwamba mgonjwa akisema ameshikwa na baridi, maneno hayo yaandikwe katika karatasi kama yalivyosemwa, kabla ya kuyageuza kuwa homa, na kabla ya kuigeuza homa kuwa malaria.