Safari ya Kwenda Mpirani

Mtu wa Morotonga, kata iliyo ubavuni mwa mji wa Mugumu, akikusudia kuutazama kwa macho yake mwenyewe mpira unaochezwa na watu ambao riziki yao ni mpira huo, hana budi kwanza kuyakabili masafa. Kwani kutoka hapo hadi Uwanja wa Karume, Musoma, ni zaidi ya kilomita 100, na kwa dahari nyingi njia hiyo ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Kwa hiyo mwenye kutaka kuandika tarikhi ya ushabiki katika sehemu zetu hizi za mkoa wa Mara, aghalabu atajikuta anaandika tarikhi ya barabara.

Ni ajabu kidogo kwamba mchezo uliotamalaki huku ni huu wa miguu. Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitoka Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, ambako besiboli ndiyo iliyokuwa ikijaza viwanja. Na lau michezo ingalikuwa ikifuata dini, vijana wa Tarime na Serengeti leo wangalikuwa wakijua kutupa na kudaka kuliko kupiga chenga. Lakini serikali ilikuwa ya Waingereza, na shule nazo zilifuata mkondo huo, basi mpira wa miguu ukaota mizizi. Besiboli ilikwenda kupata makazi kwa jirani zetu wa Uganda, hata mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya wadogo huko Williamsport, katika Pennsylvania ile ile waliyotoka wamisionari wetu.

Ama desturi yenyewe ya watu kujikusanya na kusafiri ili wakawashangilie wenzao, hiyo haikuzaliwa na mpira. Kule pwani, zama za ngoma ya beni, vyama vya Marini na Arinoti vilialikana mji kwa mji, na mwenyeji akawakirimu wageni kwa karamu za fahari hata akabaki na madeni. Mpira uliikuta tabia hiyo tayari, ukairithi, ila karamu ukaiacha. Siku hizi mgeni hununua muhogo wake mwenyewe.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, wapenzi wa Simba na Yanga, timu za Dar es Salaam, walioishi bara ya mbali waliupenda mchezo wa ghaibu. Walizunguka redio moja, mwenye redio akiwa sultani wa jioni hiyo, wakaujua mwendo wa kila mchezaji pasipo kupata kuiona sura yake. Ndipo ikaja siku ya tarehe 10 Agosti 1974, watani hao wawili walipokutana Mwanza, katika Uwanja wa Nyamagana, kuamua ubingwa wa nchi. Kwa watu wa Mara jambo hilo lilikuwa kana kwamba Dar es Salaam imehamishiwa jirani: njia ya Bunda ilikuwapo kwa mwenye lori, na meli ya Victoria ilikuwa ikitia nanga Musoma na Mwanza. Aliyetoka Tarime alikuwa na mtihani wa ziada, maana kabla ya kujengwa daraja la Kirumi Mto Mara ulivukwa kwa kivuko, na kivuko hakijui saa ya mpira. Adam Sabu aliitanguliza Simba. Dakika chache kabla ya kipenga cha mwisho Gibson Sembuli akasawazisha. Na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akaipa Yanga ushindi wa mabao 2 kwa 1.

Baada ya hapo ilipita miaka mingi hata Musoma yenyewe ikapata cha kujivunia. Biashara United, walioitwa Wanajeshi wa Mpakani, walipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na safari za kwenda Karume zikawa na utaratibu kama wa harusi. Mchango ulianza kukusanywa mapema. Mweka hazina aliteuliwa kwa uaminifu wake, na bado alichunguzwa. Basi lilikodiwa, au Coaster kama watu ni wachache. Na safari iling'oka alfajiri, kwa kuwa wenye hekima walijua kwamba pancha moja tu njiani yaweza kuwanyima watu kipindi chote cha kwanza. Njiani, kupitia Natta na Butiama, waliketi pamoja mtu wa Simba na mtu wa Yanga, Mngoreme na Mkurya, mwalimu na mchuuzi wa ng'ombe, wakibishana kwa sauti iliyoushinda mngurumo wa injini. Mimi kwa rai yangu naona kwamba saa hizo za ndani ya gari zilikuwa na utamu kuliko dakika 90 zenyewe, ambazo mara nyingi zilikwisha bila bao, jua likiwa usoni mwa waliokosa jukwaa.

Timu hiyo iliyowasafirisha watu wengi ilikuja kuponzwa na safari. Ilimaliza ya nne msimu wa 2020/21, ikapata nafasi katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ikaitoa Dikhil ya Djibouti, na mwezi wa Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli mabao 2 kwa bila jijini Dar es Salaam. Yalibaki marudiano huko Libya. Vibali vya ndege havikupatikana kwa wakati, wachezaji hawakuondoka, na Biashara ikatolewa mashindanoni ilhali mabao yake mawili hayajajibiwa. Mwisho wa msimu huo, mwaka 2022, ikashuka daraja.

Timu ya Pamba ilipopanda tena Ligi Kuu mwaka 2024, mpira mkubwa ulirudi Mwanza. Sasa anayekodi gari Mugumu kwa ajili ya mpira haifuati tena njia ya Butiama. Hushika ya Bunda, na kwa urefu wa njia hiyo, mchango umepanda.